Ubavu si Kimo

Kamba ni ya katani. Nimeifunga fundo kila mita,
mafundo hamsini na moja,
kwa kuwa la kwanza ni sifuri
na watu husahau sifuri.

Baba mdogo Masereka alipima kwa miguu
Jumanne ile, matanga hayajaanuliwa:
kando ya mtaro, hatua sitini;
kisha akafuata njia ya ng'ombe, akihema,
hadi mkahawa wa mwisho kwenye ncha: hamsini.
"Sitini mara hamsini, gawa kwa mbili.
Elfu moja na mia tano, Kabugho. Fungu lako."
Mwenyekiti akagonga mhuri.
Nikatia dole.

Usiku nikalala na pembetatu.
Mwalimu Bwambale, darasa la sita,
chaki hadi kwenye kiwiko cha koti:
ubavu hulala, kimo husimama.
Tulicheka. Alimaanisha nini kulala?

Alfajiri nikaingia katikati ya maharage,
pale ambapo hakuna aliyepita.
Mafundo matatu, manne, matano:
kamba ikajinyoosha, ikanipa pembe mraba
bila kuomba radhi kwa mtu.
Kutoka mtaroni hadi mkahawani, moja kwa moja,
arobaini.

Sitini mara arobaini, nusu yake:
elfu moja na mia mbili.
Mia tatu haipo.
Mia tatu ni kumi na tano kwa ishirini.
Ni nyumba, jiko,
na uwanja wa kuanikia kahawa.

Si mara ya kwanza kukatwa.
Mwaka wa mafuriko Nyamwamba ulikula kona ya migomba,
robo ya duara safi, kana kwamba umetumia bikari:
nusu kipenyo kumi na nne,
ishirini na mbili juu ya saba,
mita za mraba mia moja hamsini na nne.
Mto haukuita mwenyekiti.

Nikapigilia vigingi. Nikangoja.

Akaja jioni, kofia mkononi.
Akaupita mstari wangu, akahesabu mafundo kwa midomo,
akarudia, akakohoa.
Neno "kosa" halikumtoka.
Aliinama tu, akaiokota ncha ya kamba.
"Na langu, lile la pande mbili sambamba,
nililopima kwa ubavu vilevile...
lina kiasi gani hasa?"

"Shika hapo," nikamwambia. "Hapo ni sifuri."