Diski ya Nje

Saa nne usiku, Isevya. Nimeizima laptopu ya ushirika,
nimechomeka diski niliyoazimwa na Mihayo,
ndogo kama kipande cha sabuni ya mche,
nimeifunga mgongoni mwa skrini kwa mpira wa baiskeli
isije ikateleza. Nabonyeza kitufe, nashikilia,
nahesabu kimoyomoyo mpaka tano.

Zinatokea picha mbili gizani:
ya ndani, ya nje.

Hapo ndipo ninapomwelewa baba,
miaka ishirini na sita stesheni, mgeuza njia,
mkono mmoja kwenye wenzo, mwingine na taa:
mabehewa haya Kigoma, yale Mwanza,
na abiria wamelala, hawajui nani kawapeleka.

Nachagua ya nje.

Usinicheke. Ndani mna warina asali mia tatu kumi na wawili,
kilo zao, madeni yao ya mizinga,
na barua ya Kapela wa Sikonge
anayedai ndoo mbili tangu masika ya juzi.
Siwezi kuwakabidhi hao kwa mfumo
ambao waliouunda wenyewe wameandika, ukurasa wa kwanza, herufi nene:
hili ni toleo la majaribio, laweza kuharibu kila kitu.
Niliupenda ukweli huo.
Wangapi walibisha hodi kwangu
bila kuandika hivyo kifuani?

Basi mgeni analala barazani.
Anakula umeme wetu, anatumia kioo chetu,
kibodi yetu yenye N iliyofutika,
lakini chumbani haingii.

Siku ya kwanza alinipendeza.
Madirisha yalifunguka bila kishindo,
rangi ya asali kabla haijachujwa.
Kiswahili chake tu ndicho kilichonichekesha:
penye Zima aliandika Ua.
Nikaiua mashine, nikalala.

Siku ya pili akaanza kukoroma, feni mbio na kazi hakuna,
wayfai ya jirani akaisahau kama mlevi anayesahau mlango.

Siku ya tatu nikampa jembe:
chapa stakabadhi arobaini.
Akachapa arobaini, tupu zote,
ila kwenye kona, chini, tarehe:
mosi Januari, mwaka sabini.

Baba akaokota moja, akaisogeza kwenye balbu.
"Sabini," akasema. "Ndipo nilipoajiriwa."
Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa koti,
na mpaka leo hajanirudishia.

Nikawaandikia waundaji: niko Tabora,
karatasi zimetoka nyeupe, printa haina kosa.
Wakanijibu kwa namba. Tarakimu tano.
Nimeinakili ukutani kwa mkaa, karibu na namba ya mita ya Luku.

Halafu Nyamizi, mtoto wa dada, akakimbiza mpira
akaupiga waya teke.
Mshale ukaganda katikati ya skrini.
Barua niliyokuwa naiandika, sentensi yangu ya pili,
ikabaki na mdomo wazi.

"Umegeuza njia," baba akasema kutoka jikoni, bila kuja kuangalia,
"behewa la mwisho halijapita."

"Si mimi, baba."

"Wenzo ulikuwa wa nani?"

Sikumjibu. Nikawasha upya, nikachagua ya ndani.
Ikaamka polepole, ikilalamika, na mandhari yake ya zamani ya maua,
na warina wote mia tatu kumi na wawili
wamekaa kwenye safu zao, hawana habari.
Kapela bado anadai.

Ungedhani nimekoma.
Usiku huu toleo jipya limeshuka, gigabaiti nne,
nimelisubiri tangu magharibi, bando limekatika mara mbili.
Nimempa Nyamizi chapati akalie mkeka wa mbali.
Nabonyeza, nashikilia. Moja. Mbili.
Baba amesimama nyuma yangu, mkono mfukoni,
nasikia karatasi ikikwaruza.

"Leo wapi?"

"Kigoma," nasema,
ingawa najua huko mbele
maji yamekata tuta.