Mengineyo

Niliajiriwa siku moja, kuandika.
Mia nane na chakula cha mchana.
Ukumbi wa shule ya msingi, Likoni, feni mbili, moja mbovu,
na ramani iliyobandikwa ukutani kwa utepe wa kahawia,
ikikunja pembe kila upepo wa kivukoni ulipopiga hodi.

Afisa Righa akasema: tumekuja kusikiliza.
Kaunti yataka kupima hatari ya moto
mtaa kwa mtaa, ipate kujua
gari la kituo gani lizime wapi.
Akachukua kalamu ya wino mzito, akakata mstari.
Ukaanzia mnara wa simu, ukashuka kwa kinyozi,
ukapenya uani kwa Nimwaka
kati ya jiko na pipa la maji.

"Sasa baba," Nimwaka akasimama, leso begani,
"moto wangu ni wa kituo hiki, maji yangu ni ya kile?"
Watu wakacheka. Mimi nikaandika:
Mkaazi aliomba ufafanuzi.

Zikagawanywa karatasi. Rangi tatu.
Kijani, hatari ndogo. Manjano, ya wastani.
Nyekundu, hapo Mungu atunusuru.
Ilipovuma kwamba penye nyekundu ndipo gari litakapolala,
kila mtu akawa mwekundu.
Wa makuti wakahesabu makuti yao,
wa mabati wakaungama nyaya walizounga usiku,
bwana mmoja akakiri, kwa fahari, mitungi kumi na miwili ya gesi
chini ya kitanda anacholalia mamake.

Kisha mtu wa nyuma akauliza habari za leseni.
Righa akajikuna shingo. Penye nyekundu, alisema,
huenda vibali vikachelewa.
Lo! Ukumbi ukapoa kama uji.
Mutinda wa kuchomelea, ambaye cheche zake
zimetoboa mashuka ya jirani mara ngapi,
akaapa kwake ni kijani, kijani kibichi kama mchicha.
Mitungi kumi na miwili ikawa miwili,
kisha ikawa ya shemeji, naye yuko Lungalunga.

Nimwaka hakubadili yake.
Alisema polepole, niweze kumfuata:
"Mwaka juzi, nyumba ya Mejumaa.
Tulipiga simu saa nne na robo usiku.
Gari likatoka kisiwani, likafika kivukoni,
likapanga foleni na malori ya saruji.
Tulikuwa twaliona. Taa yake yazunguka ng'ambo ya pili
kama mtu anayekupungia mkono.
Tukachota ndoo. Tukachimba mchanga kwa sufuria.
Lilipofika lilitukuta twapepeta jivu,
twatafuta vyeti vya watoto.
Mwaandika hatari. Hatari si makuti, mwanangu.
Hatari ni ile saa nzima kati ya simu na maji.
Hiyo mwaipa rangi gani?"

Fomu yangu ilikuwa na safu ya chanzo,
safu ya vifaa, safu ya idadi ya kaya.
Safu ya kungoja haikuwapo.
Nikaichora mwenyewe, kwa ukingo wa simu.
Ikatoka kombo.

Righa hakujibu. Aliirudia ramani,
akalamba kidole, akajaribu kuufuta mstari.
Wino haukutoka. Ulitanuka tu,
ukala jiko, ukala pipa, ukamla na kinyozi,
mpaka pale palipokuwa uwa wa Nimwaka
pakawa doa moja, pana kama kiganja,
ambalo hakuna aliyejua ni la kituo gani.

Chai ilikuja na mahamri yaliyopoa.
Watu wakatia saini, wengine dole gumba.
Jioni nikasaidia kuibandua ramani.
Utepe uling'ang'ania, ukaondoka na ukoko wa karatasi:
kona ya Mtongwe, kipande cha ukubwa wa stempu.
Nikakigeuza kwenye mwanga.
Ilikuwa njia ya kwetu, na msikiti, na paa tatu,
mojawapo yetu. Kutwa nzima tulikuwa chini ya utepe.
Hatukupewa rangi.

Sikumwambia mtu. Nilikibandika kwa mate
kwenye ukurasa wa mwisho wa kumbukumbu,
chini ya neno Mengineyo.