Suka la Saba

Mama yangu, Thirza Ogden, hakuwahi kuuona mpira wa tenisi ukidunda.
Tenisi aliijua kwa uzani wake:
ratili moja na robo ya sufu nyeupe,
si nyeupe hasa, rangi ya maziwa yaliyolala,
bado ina harufu ya kondoo
na vijiti vya majani makavu
alivyoving'oa kwa kucha, kimoja kimoja.

Hinckley, mwaka wa thelathini na nne.
Kiwanda kilitoa uzi kwa mizani, kikapokea sweta kwa mizani;
likipungua wakia, ujira unakatwa.
Masuka kumi na mawili kifuani:
kila safu ya nane, vitanzi vitatu vinaruka vitatu wenziwe,
yote yanaelekea kulia kama watu waendao kanisani.
Shingo ya herufi V, na ukingoni mistari miwili,
zambarau na kijani, rangi za klabu
ambayo hata mtaa wake hakuujua.

Usiku ule nilikuwa na kifaduro.
Nikakohoa, akahesabu. Nikakohoa,
hesabu ikamponyoka,
suka la saba likageukia kushoto.
Aliliona alfajiri, mabega yamekwisha kuungwa.
Kufumua ni siku mbili. Makaa yalikuwa ya siku moja.
Akalifua sweta lile kwa maji ya buluu,
akalitandaza juu ya blanketi, akalivuta likae sawa,
akalipiga pasi juu ya kitambaa kibichi, mvuke ukamlowesha uso,
akalipeleka.
Bwana Clegg akalipima. Uzani kamili. Akalipa.

Julai, baba akaja na chipsi.
Siki ilikwisha anza kula gazeti,
lakini kijana yule alikuwa bado amesimama, kikombe mkononi,
nywele zimelala kwa mafuta,
suruali ya flaneli na mkunjo wake mkali,
na kifuani pake...
Mama akaisogeza karatasi kwenye taa ya gesi.
Akaweka kidole.
Moja. Mbili. Tatu.
Alipofika saba alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Unamjua huyo?" baba akauliza.
"Simjui. Ila amevaa
kikohozi cha mwanao."

Baba hakuelewa, wala mama hakumweleza.
Tukala chipsi zilizopoa.
Samaki alikuwa na miiba mingi.