Fomu ya Mtathmini

Ruaraka, jukwaa la bati, safu ya juu.
Nimempa Jerotich nane kwa mbio,
saba kwa kadi: ile ya Wabuko ilichelewa.
Filimbi haina woga, nimeandika,
ila mkono wa kushoto
huupunga kama anayefukuza kuku.

Dakika ya themanini na sita
jukwaa likalipuka: Penalti! Mwizi! Umekula ngapi?
Akatikisa kichwa. Mpira ukaendelea.

Mimi nilikuwa nimeinama
nikimkata nusu alama kwa ile kadi.

Sasa wameondoka, yamebaki maganda ya karanga
na kisanduku cha mwisho:
Je, uamuzi mkuu ulikuwa sahihi?

Naandika: Alikuwa hatua sita.
Nafuta.
Naandika: Yeye alikuwa anatazama.