Kovu la Maziwa

Theluji ilikuwa haijazolewa niliposhuka kibandani
nikanunua mkate na magazeti manne.
Muuzaji aliyakunja, picha ikabaki ndani,
kwa adabu, kama mtu anayefunika maiti.

Picha ni mgongo. Mgongo wa Dobrawa, mwanangu,
na mkono wa mwanamume asiyeonekana
umetua kiunoni kama ndege
asiyejua kama tawi litamhimili.

Wilczek, yule wa kila Ijumaa, ametoa nyota mbili.
"Saa mbili na robo za mvua dirishani.
Wapenzi wanavua nguo polepole mno
hata mtazamaji anatamani wavae."
Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka,
kisha nikamchukia mpaka chai ikapoa.

Apolonia Żuk ametoa tano.
Giza lile, anasema, si giza, ni lugha;
tangu viwanda vya nguo vifungwe hapa Łódź
hakuna aliyeonyesha jinsi mji huu
unavyotamani kuguswa.
Nilimsoma kwa kidole, polepole,
kama nilivyofuata mishono miaka thelathini na moja
kabla mashine hazijauzwa kwa kilo.

Wa tatu aliandika juu ya maadili.
Dakika kumi na tisa za uchi, anasema, na sekunde nane.
Anayechukia chakula hahesabu matonge.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na hawa wamekijazia kurasa.

Lakini wa nne!
Wa nne ameliona kovu chini ya bega la kushoto.
"Ramani ya taifa lililoungua," ameandika,
"mwongozaji ameichora kwa makusudi,
na kamera inairudia kama swali."

Lile kovu ni maziwa.
Alikuwa na miaka minne. Sufuria ya buluu.
Mimi nimegeuka, namkaripia dada yake
kwa ajili ya kiatu, kiatu kimoja tu.
Nikampaka ute wa yai, kama mama alivyonifunza;
hospitali wakanifokea mbele ya watu.
Usiku saba alilala kifudifudi juu ya tumbo langu,
nami sikuthubutu kukohoa.

Jumatano nilikwenda. Mchana wastaafu hulipa nusu.
Tulikuwa tisa; wawili wakatoka, mmoja akakoroma.
Chumba cha kukaushia, mashuka yananing'inia,
mvua (Wilczek hakusema uongo)
na yule mwanamume, kabla ya mdomo,
kabla ya chochote wanachokigombania,
anaweka midomo yake pale.
Pale penye maziwa.
Haulizi. Hashtuki.
Nilitaka kufumba macho, nikashindwa.
Miaka ishirini na sita nimempigia pasi blauzi zenye mgongo mrefu.

Usiku alipiga simu.
"Mama, wanasemaje?"
"Wanasema mvua ilikuwa nyingi."
Akacheka kile kicheko cha puani, cha baba yake.
"Na wewe?"

Mkasi ulikuwa mezani. Nilikuwa nimekwisha kukata,
maneno yote ndooni, pamoja na maganda ya viazi,
mgongo peke yake juu ya kitambaa cha meza.
Nilitafuta neno, hata moja la Apolonia lingenifaa.

"Kile chumba kilionekana baridi," nikasema.
"Mkimaliza kupiga picha, walikuwa wakikupa blanketi?"