Moja kwa Tatu

Fundi Lusimba amepiga simu kutoka Mudete:
alfajiri anakata mbao, mashine yake inasoma nyuzi.
Pembe ya paa ni ngapi, mama?
Mvua ya mawe ya Jumanne ilivunja pau mbili upande wa jikoni.
Nawe, Baba Kageha, uliniachia kipande cha mfuko wa saruji
na mwandiko wa penseli ya seremala:
kimo 1, kitako 3.
Basi. Pembe hukuandika.

Kikokotoo cha Kageha kimekwisha betri.
Kabambe yangu inajua kujumlisha na kugawa tu.
Kitabu cha majedwali mchwa walikisoma chote,
wakabakiza jalada.
Sabatia nzima ni giza tangu mawe yale.
Nimewasha koroboi, nimegeuza pakiti ya mbegu za mahindi,
nikaanza kurudi nyuma.

Maana kwenda ni rahisi: pewa pembe, utapata uwiano.
Kurudi ndiko kazi.
Uwiano umekaa kimya kama mtoto aliyevunja kikombe,
nawe unamuuliza, umetoka wapi?

Naanza na thuluthi yenyewe. Imezidi.
Kipeo chake cha tatu, gawa kwa tatu:
moja ya themanini na moja. Naitoa. Imepungua.
Kipeo cha tano, gawa kwa tano, naongeza;
punje tu, lakini imezidi tena.
Kipeo cha saba ni vumbi. Nalo nalitoa.
Ndivyo Mama Monyani anavyopima sukari:
anamwaga, anachota, anadondosha chembe
hadi mizani inyamaze.

Sifuri nukta tatu mbili moja saba tano.
Hizo ni radiani, hazijui useremala.
Nazidisha kwa hamsini na saba nukta tatu,
nabeba mbili, nasahau mbili,
narudia juu ya maneno *hifadhi mahali pakavu*.
Kumi na nane, na karibu nusu.

Ipo pembe nyingine yenye uwiano uleule,
mia moja tisini na nane na kitu:
inaelekea nyuma, inashuka, inaingia udongoni.
Hiyo nimekuachia wewe.

Asubuhi Lusimba akapanda. Upau mpya ukakaa,
ukaacha mwanya wa upana wa ukucha.
Akaweka kipimapembe kwenye pau zako za zamani.
Kumi na tisa, akasema. Mama, hesabu yako ina kosa.

Nikacheka mpaka nikashika ngazi.
Lini wewe ulipima kitu ukaacha pungufu?
Chai ilifurika hadi kwenye kisahani.
Mbegu tatu kila shimo, nami nikilalamika.

Lusimba anauliza, achonge zako zifuate zangu,
au zangu zifuate zako?
Nimemwambia asiguse kitu.
Nimekata kabari nyembamba ya mkaratusi,
mwenyewe, kwa macho.