Kamba za Viatu

Mashine ya kufulia imemaliza kazi yake yote
na umeme haukukatika.
Mwaka wa sita huu niko Cork, bado nasimama mlangoni
nikiingoja izimike katikati,
nguo zikielea povuni, na mama kutoka jikoni
akipaza sauti: "Wamechukua taa!"
Haizimiki. Inalia mara tatu kama kifaranga, basi.
Ahsante, nasema.
Simwambii mtu. Naiambia mashine.

Simu nayo naichaji hata ikiwa na tisini kwa mia.
Aliyeumwa na nyoka, mnajua wenyewe.

Chumba changu kiko juu ya kinyozi.
Dirisha moja, linatazama ukuta, ukuta una mlizamu,
na mvua ya huku haina haraka:
haipigi bati, haikatizi maongezi,
inanyesha kama mtu anayetafuta miwani yake.
Sapele mvua ilikuja na hoja, ikasema, ikaondoka.
Kwa mvua hii sishukuru, nisiseme uongo.
Nashukuru kwa koti. La mtumba, la buluu,
mfukoni nilikuta tiketi ya sinema ya mtu mwingine
na peremende moja.
Peremende niliila.

Jumamosi naenda kwa Osarugue, dukani kwake.
Ananipimia gari, kisha ananitilia
pilipili mbuzi tatu za nyongeza. Anasema zimenyauka.
Hazijanyauka.

Usiku natunza wazee.
Chumba cha tisa ni cha Donncha, aliyekuwa dereva
wa lori la maziwa, mtu wa kuamka kabla ya jogoo.
Jina langu humteleza kila saa:
mara Nora, mara Nesi, mara Wewe.
Ejiro, namwambia. Maana yake Sifa.
"Sifa za nani?" aliniuliza siku moja,
na swali hilo nililibeba mpaka kituo cha basi,
nikalishusha, nikalibeba tena.

Kwetu, asubuhi, mdogo hupiga goti mbele ya mkubwa,
husema *migwo*: niko magotini.
Mkubwa hujibu *vrendo*: inuka.
Siku haianzi mpaka umeinuliwa.
Kwa simu mama hunijibu, ndiyo,
lakini kwa simu mimi nimejilaza kitandani
na yeye anajua.

Alfajiri moja ya Februari nilipiga goti
kumfunga Donncha kamba za viatu.
Alitaka mafundo mawili; maziwa, alisema, hayangoji.
Lori liliuzwa zamani, mashamba yale sasa ni nyumba.
Nikafunga mafundo mawili.
Na kwa kuwa goti lilikuwa chini
na uchovu hauchagui lugha,
neno likaniponyoka: *migwo*.

Akanyamaza, kinywa wazi kidogo,
kama anayesikiliza injini.
Kisha akatia mkono chini ya kiwiko changu,
mkono mwepesi kama gazeti la jana,
akavuta juu, yeye
ambaye hukaa na kusimama kwa mikono yangu.
"Haya, inuka, binti. Sakafu ina baridi."

Sakafu ilikuwa na zulia.
Niliinuka.

Sikumsimulia mtu, hata Osarugue,
maana angesema ni Mungu, na huenda ni Mungu,
au ni mzee tu aliyewahi kuwa na binti.
Dereva wa basi aliniona nikikimbia, akangoja,
akajifanya anahesabu chenji.

Nyumbani nilichemsha wali na pilipili moja.
Mbili nikaziweka.
Taa ilikuwa ikiwaka tangu jana jioni,
nilisahau.
Nikaizima mwenyewe, kwa kidole changu.